Blanketi la Babu Lililokuwa Jepesi Mno

Mwaka huu nimegombana na ukoo wa marehemu mume wangu kwa sababu ya mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Mnyama mwenyewe anaitwa vikunia. Anaishi porini Amerika ya Kusini, juu sana katika milima ya Andes. Ni ndugu wa mbali wa ngamia ingawa hana nundu, na sufu yake inasifiwa kuwa laini kuliko karibu sufu nyingine zote. Milima ya Andes naifahamu. Nilianza kusoma na kuandika nikiwa mama wa kijana aliyekwisha kuota ndevu, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa na mjukuu wa kulea nyumbani, na swali la Andes ndilo lililoninyima alama ya Jiografia niliyostahili. Tangu siku ile nimeendelea kuisoma milima hiyo kwa kisirani tu, ili isije ikaniaibisha tena.

Mjukuu huyo ndiye aliyechumbiwa. Baba yake, mwanangu, yuko kwenye machimbo ya Geita na ana familia nyingine huko. Mama yake aliolewa Tabora. Mimi nilimchukua akiwa bado anatia mchanga mdomoni. Babu yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na kuanzia hapo sare, homa, mitihani na machozi ya msichana anayekua vyote vilipita katika nyumba yangu hapa Korogwe. Ukoo wa mume wangu uko Kwaluguru, Handeni, na kwa miaka yote hiyo ulituombea dua kwa mbali.

Posa ilipokuja, ukoo ulifika wote.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni. Nataja hivyo kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, husema ilikuwa ya tatu, na Jumamosi ya tatu yeye alikuwa kwenye mazishi Kwamsisi. Upande wa mwanamume walitoka Bungu, milimani: mshenga wao, mtu mwenye sauti nzuri na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, pamoja na wazee wawili waliokuwa wakitikisa vichwa kila alipomaliza sentensi. Mahari ikatajwa. Mkaja wa mama ukatajwa, ingawa mama mwenyewe alikuwa Tabora na hakuulizwa. Kisha likatajwa blanketi la babu.

Hapo lazima nieleze. Katika ukoo wa mume wangu blanketi la babu halikabidhiwi kama mzigo. Bwana harusi hulivika mabegani mwa babu mbele ya pande zote mbili na kusema, "Kesi zetu tutazileta hapa." Kuanzia siku hiyo aliyevikwa ndiye mlezi anayetambuliwa. Wanandoa wakigombana, wataanzia kwake. Binti akirudi, atarudi kwake. Na kila mtu atajua binti huyo alitoka mikononi mwa nani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo moja. Mengine yote walikuwa huru kuyachukua.

"Babu wa mtoto huyu ni marehemu," nikasema. "Naomba wazee wanieleze, blanketi la babu atavikwa nani?"

Shemeji akakohoa. "Nipo mimi."

"Wewe ulimlea?"

"Mimi ni damu, shemeji. Na isitoshe blanketi la heshima halivaliwi na mwanamke."

"Na miaka yote hii ya ujane nimekuwa nikijifunika nini, magazeti?"

Wageni walicheka, hata wale wazee wa kutikisa vichwa. Wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke asiyeweza kuficha kicheko hata msibani, akajificha nyuma ya mtandio wake.

"Sizungumzii kulala," shemeji akasema kwa ukali. "Nazungumzia heshima! Mshenga, andika hapo: blanketi zito. Zito kabisa. La mtu mzima."

Suala la nani atavikwa likaahirishwa, maana yake ni kwamba walikuwa wamekwisha kuamua.

Inafaa msomaji ajue kwamba Kwaluguru ni nchi ya joto. Nilikaa huko misimu mitatu nilipoolewa. Usiku watu hufungua madirisha, hujipepea, hulalamika, na hatimaye hutoa mkeka nje. Sijamwona mtu wa kule akilala ndani ya blanketi, isipokuwa mwenye malaria. Lakini blanketi la mahari lazima liwe zito, na wana namna yao ya kulipima. Mtu mmoja hunyoosha mkono mbele, blanketi likakunjwa na kuwekwa juu yake, kisha wazee wakaendelea na mazungumzo mengine kana kwamba wamemsahau. Mkono ukishuka, blanketi limekubaliwa. Usiposhuka, wakwe hurudi nalo na kulipa soda.

Bungu, kwa upande wao, ni watu wa baridi. Wanajua blanketi ni la nini. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba na sisi tunajua.

Walirudi Jumapili ya kwanza ya Julai. Safari hii bwana harusi alikuja mwenyewe, kijana mtulivu anayewaongoza wageni wanaotembea milimani, pamoja na mama yake, mkulima wa maharage na viazi, mwenye viganja vigumu na macho ya aibu. Mshenga akafungua kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya mdalasini, chembamba, kilichokunjwa kikawa kama kitabu.

"Wazee wangu, mama zangu," mshenga akaanza, "tuliagizwa blanketi. Tumeleta sufu ya vikunia. Huko anakotoka mnyama huyu, zamani za wafalme mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuivaa."

"Huko ni wapi?" shemeji akauliza.

"Peru, mzee."

"Peru iko upande gani wa Lushoto?" akauliza wifi, na nadhani aliuliza kweli.

"Ni mbali, mama. Ni ng'ambo ya bahari."

"Na huyo mnyama anachungwa na nani?" shemeji akaendelea.

"Hachungwi, mzee. Ni wa porini."

"Hachungwi. Hana zizi, hana mwenyewe. Sasa sufu yake mliipataje, mliiokota kwenye miiba?"

Binamu mmoja wa marehemu akasimamishwa katikati ya ua, akanyoosha mkono. Blanketi likawekwa. Wazee wakazungumza juu ya mahindi, wakahamia kwenye mvua za vuli, wakamsema diwani, wakarudi kwenye mahindi. Mkono uko palepale. Baadaye binamu akasikia mwasho, akajikuna kichwa kwa mkono huohuo, na blanketi halikuanguka. Watu wa Handeni wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mshenga, hili ni blanketi au chandarua?" shemeji akauliza.

"Labda mkono umezoea kubeba magunia," mshenga akajaribu kutetea. "Mzee, lishike mwenyewe. Sikia lilivyo laini."

"Laini hata pamba ya masikio ni laini."

Kwa kuwa hakutaka kuonekana mwonevu, shemeji akaagiza mizani kutoka duka la jirani, ile ya kupimia maharage. Blanketi likawekwa kwenye sahani. Sahani ikashuka kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ya asiyempenda, ikasimama. Mwenye duka, aliyeifuata mizani yake, akatoa maoni kwamba hata khanga zikilowa ni nzito zaidi. Nilimtazama mama wa bwana harusi. Alikuwa ameinamisha kichwa, akizikunja na kuzikunjua ncha za mtandio wake.

Shemeji akasimama kutoa hukumu. Hapo naomba msomaji ayasikilize maneno yake kama nilivyoyasikiliza mimi.

"Hili si la babu. Hili ni la akina mama, la kwendea kliniki. Mvikeni bibi yake, yamwishe yale maneno yake. Babu mtamletea lake, na soda kreti moja kwa kutudharau."

Sikupinga. Nilitengeneza sentensi yangu polepole, kama ninavyotengeneza jibu la mtihani.

"Shemeji, umesema nivikwe mimi? Hapa, mbele ya pande zote mbili?"

"Si umesikia? Avikwe! Wali unapoa."

Kijana akaja, akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," nikamjibu, kwa sababu kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi, na mjukuu wangu ni mke mwenzangu, tunagombania. Akalikunjua blanketi. Sitasema mengi. Nimevaa nguo nyingi katika maisha yangu, nyingi zikiwa za mitumba na baadhi zikiwa nzuri, lakini sikuwahi kuvikwa kitu ambacho kilinibidi kukitazama ili nihakikishe kimefika. Kilikuwa kama joto bila nguo. Kijana akasema, "Kesi zetu tutazileta hapa," kwa sauti ya kutosha, na wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji naye alikuwa akinawa mikono.

Baada ya chakula, mkwe wangu yule wa Bungu, mama wa bwana harusi, alinifuata jikoni.

"Mama, usituone tumeleta kilichotupwa," akasema. "Kuna mgeni mmoja, bibi wa hukohuko Peru, aliugua akiwa kwetu. Alilala kitandani kwangu hadi akapona. Wakati wa kuondoka alijivua blanketi hili akanipa, akaniambia ni la mama yake. Nimelikunja sandukuni, sijalitumia. Mwanangu aliposema wazee wanataka blanketi la heshima, sikuwa na jingine la heshima kulipita hili."

Nilimshika mkono.

Siku zilizofuata mjukuu wangu alinisomea habari za vikunia kwenye simu yake huku mimi nikichambua mchele. Kwamba aliwindwa hadi akakaribia kwisha, kisha akalindwa kwa sheria, akaongezeka tena. Kwamba hafugiki kama kondoo. Wanavijiji hujipanga mstari mrefu, wameshika kamba iliyofungwa vitambaa vya rangi, wanatembea polepole wakiwazunguka wanyama hao mpaka wawaingize uani. Wanawanyoa, halafu wanawaachia warudi zao milimani.

"Wanamzunguka, wanamnyoa, wanamwachia," nikarudia. "Mke mwenzangu, huyo si mnyama wa porini. Huyo ni mjane."

"Bibi!"

"Arobaini ya babu yako walikuja hivyohivyo, kwa mstari, kutoka Handeni. Wakaondoka na baiskeli, redio na cherehani, wakaniachia niende zangu. Tofauti ni kwamba wenzetu husubiri sufu iote ndipo warudi."

Babu, yaani shemeji, alipata lake Jumapili iliyofuata. Lilikuwa blanketi la manyoya bandia lenye picha ya simba, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu na mkono wa kubebea. Nilikwenda Kwaluguru kushuhudia. Mkono wa binamu ulishuka mara moja, watu wakashangilia, na shemeji akavikwa saa nane mchana, juani, simba akiwa mgongoni. Alikataza plastiki isitolewe, lisije likachafuka. Alipolowa hadi kwenye nyusi, alisema ni furaha.

Mambo yangeishia hapo kama tusingekuwa na kundi la familia kwenye simu. Mpwa mmoja aliweka picha: shemeji na simba, mimi na vikunia. Mtoto wa shemeji, anayefanya kazi Dar es Salaam katika ofisi yenye kiyoyozi, aliikuza ile yangu hadi akaona lebo ndogo iliyoshonwa pembeni. Akampigia baba yake. Wifi alikuwepo, akanisimulia.

"Baba, hilo mlilompa mama mkubwa ni vikunia kweli?"

"Wamesema hivyo. Jepesi, mwanangu. Halina maana."

"Baba, hilo moja linanunua ng'ombe wote wa mahari pamoja na zizi lao. Mmelikataa?"

Wifi anasema shemeji aliketi juu ya kinu.

Alifika kwangu Jumanne, wiki ya pili ya Agosti, akiwa amefuatana na wifi kama shahidi. Alikunywa chai, akausifu mwembe wangu, akauliza habari za mguu ambao haujawahi kuniuma. Ndipo akasema:

"Shemeji, siku ile kulikuwa na haraka."

"Haraka ya wali. Nakumbuka, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Julai."

"Achana na tarehe. Nasema hivi: blanketi la babu ni mali ya ukoo."

"Na lile la simba?"

"Nalo ni la ukoo."

"Kumbe mtoto huyu ana mababu wawili."

Wifi akacheka, akatazamwa, akaacha.

"Usinichezee maneno yako ya shule," shemeji akasema. "Mwanao amepiga simu kutoka Geita. Amenikabidhi mimi, baba yake mdogo, niwe walii kwa niaba yake. Mimi ndiye nitakayemwozesha. Sasa, nikiumwa siku hiyo itakuwaje?"

"Unapanga kuumwa?"

"Mgongo wangu hautabiriki."

"Ni simba huyo," akasema wifi. "Mzito."

Walipoondoka, mjukuu wangu alitoka chumbani. Alikuwa amesikia yote. Nyumba yangu haina siri, ina pazia.

"Bibi, mpe tu. Mimi najua nani alinilea."

"Wewe kujua hakunisaidii kitu. Nataka wajue wao."

"Hata kama ndoa itavunjika?"

Hilo lilinikaa kifuani. Kumpigia mwanangu simu kungesaidia nini? Alikwisha kusema, "Nyie wazee malizaneni," na kukata. Upande mmoja ulikuwa harusi ya mtoto niliyemlea; upande wa pili ulikuwa ushahidi pekee uliotolewa hadharani kwamba nilimlea. Nilikaa nalo hadi Ijumaa. Baada ya swala ya adhuhuri nikampigia shemeji.

"Shemeji, nimekubali."

"Alhamdulillahi! Nimtume mtu alichukue?"

"Hapana. Sitalitia kwenye mfuko kama maharage. Ulisema nivikwe mbele ya watu, nikavikwa. Utanivua mbele ya watu, kwa mkono wako, siku ya harusi, ndoa ikishafungwa. Na utawaeleza wakwe kwa sauti ni kwa nini."

Nilisikia anavyofurahi. Shemeji yangu anapenda kipaza sauti kuliko ng'ombe. "Hapo sasa umesema kama mtu mzima," akanijibu.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, nyumbani kwangu. Korogwe mwezi huo hakuna anayevaa sufu akiwa na akili zake. Mimi niliivaa tangu asubuhi. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kiunoni, na kila aliyeniletea feni ya mkono nilimwambia ampelekee mwingine. Mgongo wa shemeji ulikuwa mzima kabisa. Alikaa mbele ya sheikh, akatamka yanayotamkwa, kijana akakubali, dua ikasomwa, na mjukuu wangu akawa mke wa mtu kabla pilau halijapakuliwa.

Shemeji akasimama. Akapiga kipaza sauti kwa kucha. "Ndugu zangu, kuna jambo dogo la ukoo."

Nami nikasimama. Nikatembea hadi katikati ya turubai, nikampa mgongo ili apate nafasi ya kuvua, nikatazamana na watu wa Bungu. Mkwe wangu aliweka kikombe chake chini. Kijana akatazama mikono yake, kwa kuwa ndiyo iliyonivika.

Nilisikia vidole vya shemeji vikishika sufu begani. Vikatulia. Nadhani ndipo alipoligusa kwa mara ya kwanza kwa namna ya kuligusa.

"Mimi, kama mkubwa wa ukoo..." akaanza.

"Sema, mzee, tunakusikiliza," mshenga akamtia moyo kwa ile sauti yake nzuri.

"Blanketi hili... siku ile tulilipima..."

"Kwenye mizani ya maharage," akasema mwenye duka kutoka nyuma.

"Tukaliona..."

"Jepesi," wakamsaidia wawili watatu.

"Na sasa..." Neno lililobaki lilikuwa moja tu. Lilikuwa bei, na lilipaswa kutamkwa kwenye kipaza sauti, mbele ya mwanamke aliyelifungua sanduku lake kwa ajili yetu.

"Haya kaka, mvue," wifi akaita. "Mvue mjane, watu wanataka kula."

Hakuna aliyecheka. Hata wifi mwenyewe hakucheka. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekatazwa kutoka chumbani, alikuwa amefunua pazia na amesimama mlangoni na hina zake. Nilivisikia vidole vikiinua sufu kidogo, upepo ukapita kati yake na shingo yangu iliyolowa. Nikajiambia kwamba limekwenda, na nikaendelea kusimama wima, kwa sababu sikutaka mtu wa Bungu aone ninainama.

Kisha sufu ikarudi begani, ikanyooshwa.

"Lilikuwa limeteleza, shemeji," kipaza sauti kikasema kwa unyonge. "Nimekuja kukuwekea sawa. Wakwe zetu waone... waone bibi wa mtoto alivyovikwa."

Vigelegele vilianzia kwa mkwe wangu, ambaye sikujua kwamba ana sauti.

"Ahsante, shemeji," nikamwambia bila kugeuka. "Na upande wa kushoto pia."

Akauweka sawa na upande wa kushoto.